Kikohozi ambacho hakikumleta hospitalini

Kuhusu TB, yaani kifua kikuu, kuna maneno yasiyo kweli tunayoyasikia wodini; niyajibu moja moja.

"Mwenye TB utamjua tu akiingia." Hapo ndipo tunapoumia zaidi. Mama mmoja alilazwa kwa sababu ya sukari katika wodi niliyokuwa nikihudumu hapa Kisumu. Kazi yake ilikuwa kukausha samaki kwa moshi, kwa hiyo kikohozi chake sote tulikibebesha moshi, mimi nikiwemo. Siku ya tisa ndipo mwenzangu alipomwuliza, "Mama, unakohoa tangu lini?" Akasema, "Tangu kabla ya Krismasi, sista." Makohozi yakaenda maabara, na majibu yakarudi jioni hiyohiyo: TB. Kwa siku zote hizo alikuwa akilala katikati ya wagonjwa wawili, akikohoa ndani ya leso ili asiwaamshe. Sukari yenyewe humwongezea mtu hatari ya TB mara mbili hadi tatu. Swali lile lilikuwa la siku ya kwanza, na bado linaniuma.

"Asiyetema damu hana TB." Wengi hawatemi damu kabisa. Kikohozi, homa, jasho la usiku, kukonda: dalili moja yatosha kumpima mtu. Anayeishi na virusi vya UKIMWI huenda akakohoa kidogo tu, na nyumbani kule kukonda kukaitwa chira, yaani laana ya kuvunja mwiko, miezi ikapita.

"Maabara haikuona kitu, basi yuko salama." Inategemea alitoa nini. Mgonjwa akiharakishwa hutema mate, na mate hayasaidii; yatakiwa makohozi yanayotoka ndani kifuani. Darubini pia huwakosa wengi. Mashine ya GeneXpert hung'amua zaidi, kwa muda wa saa mbili hivi, na huonyesha kama vijidudu vimekuwa sugu kwa rifampisini, dawa kuu ya TB.

"Atengewe kikombe." Kikombe hakina kosa, wala sahani, wala mkono wa salamu. TB husafiri hewani.

"Fungeni madirisha, kuna mbu." Mbu wa huku nawajua. Lakini mbu dawa yake ni chandarua, baridi ni blanketi. Hewa iliyofungiwa wodini huvutwa na kila mtu hadi asubuhi.

"Akishagunduliwa, jamaa wamkimbie." Aliyeanza dawa zinazomfaa huacha kuambukiza upesi, mara nyingi ndani ya wiki chache, ingawa lazima amalize dawa zote, kwa kawaida miezi 6. Katika hospitali za umma dawa hizo ni za bure. Yule mama tulimhamishia chumba cha peke yake, kisha tukarudi kuwapima majirani zake wawili wa kitanda.