Kubadili pedi za breki nyumbani: kazi iko kwenye pini

"Mwalimu, fundi kanibadilishia pedi mwezi wa pili tu, na leo inakwaruza tena."

Aliyesema hivyo ni mama mmoja wa Nkuhungu, mwalimu wa shule ya msingi, aliyeleta Vitz yake kwenye karakana ya chuo ninakofundisha ufundi wa magari hapa jijini Dodoma. Nikamuuliza ni tairi gani. "Kushoto mbele. Na nikikanyaga breki gari linavuta kulia."

Tukafungua tairi. Pedi ya nje ilikuwa nene, hata maandishi ya mgongoni hayajafutika. Ya ndani ilikuwa imekwisha, bati tupu linasaga chuma, na uso wa diski, lile bamba la chuma linalozunguka na tairi, umechorwa mifereji ambayo ukipitisha ukucha unakwama. Pedi mbili za tairi moja, zimefungwa siku moja na mtu mmoja. Fundi wake hakumwibia, pedi alizoweka zilikuwa nzuri. Alichoruka ni pini mbili za kalipa (kile kishikio kinachozibana pedi kwenye diski), kila moja kama kidole, ambazo kuzisafisha na kuzipaka grisi ni kazi ya dakika kumi.

Nimeanza na pini kwa makusudi. Wanaonijia kutaka kujifunza kubadili pedi wenyewe nyumbani huuliza habari za pedi, na pedi hazina ugumu wowote: zinatoka, zinaingia.

Kalipa za magari mengi madogo tunayoendesha hapa, IST, Vitz, Raum, Spacio, Passo, zina pistoni moja tu, nayo iko upande wa ndani. Ukikanyaga breki, mafuta yanaisukuma pistoni, nayo inaibana pedi ya ndani kwenye diski. Pedi ya nje haina wa kuisukuma. Hiyo huvutwa: pistoni ikishagota, kalipa nzima inateleza juu ya zile pini na kuileta pedi ya nje ibane diski kutoka upande wa pili. Pini zikikauka, kalipa haitelezi. Pedi ya ndani inabaki inafanya kazi peke yake, kama mtu anayehamisha kabati na mwenzake kaweka mikono mfukoni.

Sasa weka hapo vumbi la Dodoma. Miezi ya kiangazi, upepo unapovuma kutoka asubuhi, lile vumbi jekundu linaingia hata kwenye kabati la vyombo. Pini za kalipa zimevalishwa vifuniko vya mpira. Kifuniko kikichanika kidogo tu, vumbi linajichanganya na grisi na kugeuka tope gumu, kisha mvua za Desemba zinaleta kutu. Mwenye gari hajui lolote, kwa sababu akichungulia kupitia matundu ya ringi anaona pedi ya nje, ambayo ndiyo nzima.

Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, vua tairi uzitazame pedi zote mbili. Pedi mpya huwa na unene wa kama milimita 10 hadi 12 bila kuhesabu bati la mgongoni. Ikifika milimita 3, badili. Huna rula? Panga kadi nne za benki pamoja, unene wake ni huo. Pedi nyingi zina kibati kidogo ambacho zikikaribia kuisha kinagusa diski na kupiga mluzi mwembamba. Mluzi ni onyo. Mkwaruzo mzito wa chuma kwa chuma maana yake onyo lilishapita, na huenda diski nayo imeumia. Diski nyingi zina maandishi MIN TH pamoja na namba ya milimita; huo ndio unene wa mwisho unaoruhusiwa. Diski iliyopungua zaidi ya hapo haichongwi kwa fundi mashine, inabadilishwa.

Kuna dalili nyingine wanaoisoma ni wachache, nayo iko chini ya boneti. Pedi zinavyolika, pistoni inatoka mbele kidogo kidogo, na mafuta ya breki yanaifuata huko. Ndiyo maana kwenye kile kichupa yanaonekana yamepungua ingawa hakuna mahali yanapovuja. Watu wanaongeza. Halafu siku ya kufunga pedi mpya pistoni inarudishwa ndani, mafuta yote yanarudi kwenye kichupa, yanafurika na kubabua rangi ya gari. Kichupa kikishuka taratibu, kagua pedi kwanza. Kikishuka ghafla, hapo kuna uvujaji, na gari lisiondoke.

Ukinunua pedi usimwambie muuza spea "nipe za IST" ukaishia hapo. Mpe namba ya fremu, maana kuna NCP60, NCP61 na NCP65, na kama unaweza nenda na pedi ya zamani mkononi muilinganishe na mpya juu ya meza: umbo la bati, masikio yake, mahali kilipo kile kibati cha mluzi. Nunua seti ya tairi zote mbili za ekseli moja. Kubadili upande mmoja tu ni kujitengenezea gari linalovuta. Nunua pia grisi maalumu ya pini za breki. Grisi ya kawaida ya bearing inavimbisha mipira, na mpira ukivimba pini inakwama vilevile, safari hii umeikwamisha mwenyewe.

Uani kwetu tatizo la kwanza ni ardhi. Jeki ikiwekwa juu ya mchanga inazama polepole huku wewe umeinama chini ya bodi. Tafuta sehemu ya zege au tambarare ngumu, na hata hapo weka kipande cha ubao mpana chini ya jeki. Weka gia kwenye P, vuta hendibreki, zuia tairi za nyuma kwa kabari. Legeza nati za tairi wakati tairi bado iko chini, ndipo uinue. Gari likishainuka liegemeze kwenye stendi ya chuma. Usitumie tofali, hasa haya ya kuchoma, kwa kuwa hupasuka bila kutoa taarifa.

Fungua upande mmoja, maliza, ndipo uende wa pili. Ukisahau kibati kilikaa vipi, unakwenda kuchungulia upande ambao hujaugusa. Mimi hadi leo napiga picha kwa simu kabla ya kulegeza chochote, na wanafunzi wangu wananicheka.

Nyuma ya kalipa kuna boliti mbili zinazoingia kwenye pini. Kwa Toyota nyingi ndogo ni spana namba 14, nyingine 12. Mara nyingi ukitoa ya chini tu kalipa inainuka kwenda juu kama mfuniko wa sanduku. Lakini sisi tunataka kutoa zote mbili, ili pini zote zitoke. Kalipa usiiache ining'inie kwa mpira wake wa breki. Ifunge kwenye springi ya shokamzoba kwa waya au kipande cha mpira wa tairi. Mpira wa breki ukivutwa unaweza kuchanika kwa ndani huku nje unaonekana mzima.

Vuta pini. Nzima inatoka kwa vidole viwili na ina utelezi. Ya yule mama tulihitaji plaizi, tukaizungusha huku na huku kama jino bovu, ikatoka na unga wa kahawia. Futa kwa tambaa, toa kutu kwa msasa laini sana, paka grisi nyembamba, irudishe, isukume ndani na nje mpaka uhisi inateleza yenyewe. Ikiwa imeliwa na kutu hadi ina mashimo, nunua nyingine. Usizibadilishane mahali: kwenye kalipa nyingi pini ya juu na ya chini hazifanani. Vifuniko vya mpira vilivyochanika badilisha hapohapo, la sivyo kiangazi kijacho tutakutana tena. Pitisha brashi ya waya pia mahali masikio ya pedi yanapokaa, pedi mpya ziteleze bila kulazimishwa kwa nyundo.

Unga mweusi uliojaa humo usiupulize kwa mdomo wala kwa kompresa. Zamani pedi nyingi zilitengenezwa kwa asibesto, ambayo vumbi lake huleta saratani ya mapafu, na kwa macho huwezi kuitambua pedi inayo au haina. Vaa barakoa, loweka kwa maji ya sabuni au dawa ya kusafishia breki, futa kwa tambaa, tupa tambaa. Petroli, ambayo kwenye vijiwe vyetu hutumika kuoshea kila kitu, hapa haifai: inaharibu mipira, inaacha mabaki, na inawaka.

Kurudisha pistoni, fungua kwanza mfuniko wa kichupa cha mafuta. Chukua pedi ya zamani, iweke juu ya pistoni, kisha kaza kwa klempu taratibu. Ikienda kwa shida kubwa, au mpira unaoizunguka umepasuka, acha umwite fundi. Panga pedi mpya, rudisha kalipa, kaza boliti. Mikono yenye grisi isiguse uso wa pedi wala diski. Mara nyingi tone moja linatosha kuharibu pedi mpya, na kuifuta hakusaidii.

Hapo ndipo nilipowahi kuaibika. Miaka kadhaa iliyopita nilibadili pedi za IST yangu jioni, nikaosha mikono, nikawasha gari nirudi nyuma kutoka uani. Nikakanyaga breki. Pedeli ikaenda hadi chini kama nimekanyaga mto wa pamba, na gari likaingia kwenye wigo wa michongoma wa jirani. Mafuta yalikuwepo, pedi zilikuwepo, kila boliti imekazwa. Ila nilikuwa nimezirudisha pistoni ndani kabisa na sikuzitoa tena. Mwalimu wa breki! Jirani alinisamehe, wanafunzi walipopata habari hawakunisamehe.

Kwa hiyo kabla ya kuwasha injini, kanyaga pedeli mara nyingi, kwa utulivu, mpaka iwe ngumu na juu. Washa, kanyaga tena. Tazama kichupa, ongeza hadi kwenye mstari kwa aina iliyoandikwa kwenye mfuniko, mara nyingi DOT 3. Ikiwa baada ya yote hayo pedeli bado inabonyea kama sponji, kuna hewa kwenye mfumo. Itolewe na anayejua, na gari lisitembee hadi hapo.

Kuhusu mafuta yenyewe niseme jambo moja, maana nimeona makubwa. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani. DOT 3 mpya haichemki chini ya nyuzi 205. Ikishanyonya maji kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 140. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabonyea: unakanyaga, hakuna breki. Sasa wapo wanaoongeza maji ya bomba. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, maji hapa yanachemka kwenye nyuzi kama 96 tu. Jaribu kushuka mlima Sekenke kuelekea Nzega, au Nyang'oro ukitoka Iringa kuja Mtera, ukiwa na maji ya bomba kwenye breki. Wengine wanaweka oili ya injini, na hiyo inavimbisha kila mpira kuanzia juu hadi kwenye tairi. Likitokea hilo kaa chini uhesabu gharama, kwa sababu unabadili karibu mfumo mzima.

Maelezo haya ni ya breki za diski za mbele. IST nyingi nyuma zina dramu, breki zinazobana ndani ya bakuli la chuma badala ya diski, na hizo zina springi zinazoruka usoni. Jifunze kwanza mbele ya fundi. Magari yenye hendibreki ya umeme, na ya haibridi (petroli na umeme pamoja) kama Prius na Aqua, yapeleke kwa mwenye mashine ya kompyuta. Kwenye baadhi ya haibridi, kufungua mlango tu kunaweza kuiwasha pampu ya breki wakati kalipa iko wazi. Diski za nyuma ambazo hendibreki imeunganishwa ndani ya kalipa, pistoni yake mara nyingi huzungushwa ndipo irudi. Ukiilazimisha kwa klempu umeivunja. Na kumbuka kwamba Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, hairuhusu gari lenye breki mbovu barabarani, awe ameitengeneza fundi au umeitengeneza mwenyewe.

Pedi mpya hazishiki vizuri siku ya kwanza. Tafuta barabara iliyo wazi, Jumapili alfajiri kwa mfano, endesha kilomita 50 kwa saa, punguza hadi 10 bila kusimama kabisa, uachie, uende kidogo zipoe, urudie mara kumi hivi. Kwa kilomita 200 za mwanzo epuka breki za ghafla, na safari ya milimani isubiri. Ukirudi, pitisha kiganja karibu na kila ringi ya mbele bila kuigusa. Moja ikiwa na joto kuliko mwenzake waziwazi, rudi kwenye pini za upande huo.

Nati za tairi zikazwe kwa mpangilio wa nyota, si kwa kuzunguka duara. Toyota nyingi ndogo hutaka 103 Nm (kipimo cha nguvu ya kukaza) kwa spana ya kipimo. Kwa spana ya kawaida tumia nguvu ya mikono, usiipande kwa miguu. Kisha zikague tena baada ya kilomita 50 hivi. Anayekwenda Singida anaweza kuifanya kazi hiyo Bahi, gari likipoa kidogo na yeye akinywa chai.