Namba ya kiyoyozi kutoka kaskazi hadi kusi: dhana potofu na ukweli

Katika nyumba nyingi za pwani zenye kiyoyozi, rimoti huwekwa kwenye namba moja mwaka mzima, na mara nyingi namba hiyo ni 16 au 18. Kati ya Januari na Machi joto la mchana jijini Dar es Salaam hufika nyuzi 31 au 32 za Selsiasi na usiku haliteremki sana chini ya 25, ilhali Julai, kusi inapovuma, usiku hushuka hadi karibu na nyuzi 19. Namba moja haiwezi kufaa nyakati zote hizo. Kinachowafanya watu waing'ang'anie ni imani kadhaa kuhusu mtambo wenyewe, imani ambazo zinawamalizia uniti za umeme na kuwakosesha usingizi bila sababu.

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba ukiweka 16 chumba kitapoa haraka kuliko ukiweka 25. Ukweli ni kwamba namba ya rimoti haiuambii mtambo upoze kwa kasi gani. Inauambia uishie wapi. Kiyoyozi cha kawaida, kisicho cha invata (teknolojia inayobadilisha kasi ya kompresa), kina kompresa, yaani pampu inayosukuma gesi ya kupoza, inayofanya kazi kwa nguvu moja tu, ama inazunguka au imesimama. Chumba chenye nyuzi 31 kitashuka hadi 25 kwa muda ule ule, uwe umeweka 25 au 16. Tofauti ni kwamba kwa 25 kompresa itapumzika ikifika hapo, ilhali kwa 16 itaendelea kuzunguka, na katika chumba chenye madirisha ya vioo vya luva vinavyovujisha hewa huenda isiifikie namba hiyo hadi alfajiri. Kompresa ya kiyoyozi cha BTU 12,000 (BTU ni kipimo cha uwezo wa kupoza) ikizunguka mfululizo kwa saa moja hula takribani uniti moja, kwa hiyo usiku mmoja wa namna hiyo huonekana wazi kwenye mita. Kiyoyozi cha invata nacho hakiokolewi na teknolojia yake, kwa sababu faida yake kubwa ni kupunguza kasi kinapokaribia kiwango kilichowekwa, na anayekiwekea 16 anakinyima nafasi ya kupunguza. Anayetaka baridi ya haraka aongeze kasi ya feni ya kiyoyozi chenyewe, afunge mlango na kuvuta pazia.

Dhana ya pili imejificha zaidi, nayo ni kudhani kwamba joto la hewa peke yake ndilo linaloamua kama mtu ataona joto au baridi. Mhandisi wa Denmark, Povl Ole Fanger, alionyesha katika kazi yake ya mwaka 1970 kwamba mambo sita hushirikiana: joto la hewa, joto la kuta na vitu vinavyomzunguka mtu, mwendo wa hewa, unyevunyevu, mavazi na kazi anayoifanya mwili. Kwa watu wa pwani, unyevunyevu ndio unaostahili kutazamwa kwanza. Mwili hujipoza kwa jasho linalokauka, na hewa iliyojaa mvuke hailikaushi jasho. Ndiyo maana nyuzi 29 za Machi, mvua za masika zikiwa zinakaribia, huchosha kuliko nyuzi 29 za mchana wa Agosti. Hata historia ya mtambo huu ilianzia hapo. Willis Carrier alipobuni kiyoyozi chake cha kwanza mwaka 1902, alikuwa akidhibiti unyevunyevu katika kiwanda cha uchapaji cha Brooklyn, New York, ambako karatasi zilikuwa zikivimba na kusinyaa na kuharibu rangi.

Ushahidi wa jambo hili unaning'inia nje ya ukuta wa kila nyumba yenye kiyoyozi. Weka ndoo chini ya bomba la kutolea maji mwezi Machi, na asubuhi utakuta imekusanya maji mengi, yote yakiwa mvuke uliotolewa kwenye hewa ya chumba. Rudia Julai na utaona maji machache zaidi. Kugeuza mvuke huo kuwa maji kunakula sehemu kubwa ya nguvu ya mtambo. Kwa hiyo katika majira ya fukuto mara nyingi kinachohitajika ni hewa iliyokaushwa, wala si lazima iwe ya baridi kali, na nyuzi 25 au 26 ndani ya chumba kilichokaushwa vizuri humtosha mtu mzima aliyevaa nguo nyepesi. Siku za mvua, joto likiwa la wastani lakini mashuka yanagusika kama yana maji, kitufe cha kukausha hewa, ambacho kwenye rimoti nyingi kina alama ya tone, hufaa kuliko kushusha namba.

Hapa ndipo inapoanguka pia imani ya kununua BTU kubwa kupita kiasi. Mtambo mkubwa usio wa invata, ukifungwa katika chumba kidogo, hufikia namba yake upesi mno na kuzima kabla haujatoa mvuke wa kutosha, na wenye nyumba hubaki na hewa ya baridi yenye unyevu. Kisha hushusha namba zaidi, na tatizo linabaki pale pale.

Pangaboi nalo hueleweka vibaya. Wengi huliwasha katika chumba kitupu wakidhani linakipoza, kumbe pangaboi halipunguzi joto la chumba hata kidogo. Linampoza mtu kwa kupeperusha hewa juu ya ngozi yake. Kwa mtu aliyelala chini yake, hata hivyo, kazi yake ni kubwa. Wizara ya Nishati ya Marekani inaeleza kwamba pangaboi huruhusu kiyoyozi kupandishwa kwa takribani nyuzi 2 bila mtu kuona tofauti, na lenyewe hula sehemu ndogo tu ya umeme unaoliwa na kompresa. Kwa maoni yangu, kaskazi ianze kwa 26 pamoja na pangaboi la mwendo wa polepole, kisha ishushwe nyuzi moja baada ya nusu saa ikiwa bado kuna jasho. Kusi ikishashika, nyumba yenye madirisha yanayotazamana na nyavu nzima za mbu haihitaji mtambo usiku.

Baadhi ya malalamiko kwamba kiyoyozi hakifiki kwenye namba hutokana na kuta. Gusa saa mbili usiku ukuta wa tofali unaotazama magharibi, au dari iliyo chini ya bati, utaukuta bado una joto la jua la alasiri. Mwili unapokea joto hilo moja kwa moja, hata kama hewa imeshafika 24. Kivuli cha mti, pazia zito au kibaraza upande huo hufanya kazi ambayo rimoti haiwezi.

Kuhusu wanaoamini kwamba kuzima mtambo unapotoka na kuuwasha unaporudi hula umeme zaidi, fizikia iko dhidi yao. Kadiri chumba kinavyokuwa cha baridi kuliko nje ndivyo joto linavyoingia kwa wingi, na chumba kilichoachwa kipate joto huacha kulivuta. Ndugu zetu walioko Marekani husikia dhana hiyo hiyo kuhusu kupasha nyumba joto wakati wa baridi, na wizara niliyoitaja inaipinga: kushusha joto la nyumba kwa nyuzi 4 hadi 6 kwa saa nane kila siku kunaweza kuokoa hadi asilimia 10 ya gharama za mwaka.

Vile vile si kweli kwamba kiyoyozi cha ukutani huingiza hewa safi. Huzungusha hewa ile ile ya ndani, na mafua yanayodaiwa kuletwa na baridi huletwa na virusi, ambavyo hupita kirahisi kati ya watu waliofungiwa chumba kimoja. Fungueni madirisha kwa muda kila siku, hata Februari.

Iliyobaki ni kauli ya baadhi ya mafundi kwamba gesi huisha kila mwaka na lazima iongezwe. Gesi huzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa na hailiwi kama mafuta ya gari. Ikipungua, pana tundu linalovuja. Chumba kilichopoa vizuri kwa 26 mwaka jana na sasa hakipoi, jambo la kwanza ni kufungua kifuniko cha mbele na kuosha kichujio chenye vumbi, kazi inayostahili kufanywa angalau mara moja kwa mwezi katika msimu wa matumizi. Ikiwa bado hakipoi, mwambieni fundi atafute uvujaji na kuuziba kabla hajaongeza gesi.