Hicho si Mchanga, ni Changarawe

Kwa mara ya tatu mwezi huu mtu ananitumia picha ya tangi lake la samaki na malalamiko yale yale: "Nimeweka mchanga kama ulivyosema, mbona sharubu za korido zinaisha?" Korido ni kambare mdogo wa kufugwa tangini. Naikuza picha. Chini ya samaki kumejaa vijiwe vya bluu, kila kimoja ukubwa wa punje ya hindi. Mchanga siuoni.

Maana ya kuwarekebishia tandiko samaki wa chini haina maneno mengi. Tandiko la tangi ni chochote unachotandaza juu ya kioo cha chini. Samaki wa chini ni wale wanaolala, kula na kuhangaika huko huko sakafuni: korido wa Amerika Kusini, ngogogo wa maziwa yetu, kambare wa kila namna, na vile visamaki vya Ziwa Tanganyika vinavyoishi ndani ya maganda ya konokono. Kuwarekebishia tandiko ni kuwapa sakafu wanayoweza kuila na kuichimba bila kuumia. Basi. Taabu iko kwenye majina.

Mchanga ni neno la zamani na lina ndugu. Mombasa, kwa Kimvita, ni mtanga, kama mchele unavyokuwa mtele na macho yakawa mato. Lakini liseme na "ch" au na "t", mtu wa Unguja na wa Mvita wanamaanisha kitu kimoja: kile ukikiteka kwa kiganja kinachuruzika katikati ya vidole. Changarawe nazo kila aliyekulia kwenye nyumba yenye ungo anazijua. Ni zile unazochagua kwenye mchele, na ikikuponyoka moja utaisikia kwenye jino. Kokoto ni mawe yaliyopasuliwa kwa ajili ya zege, yale ambayo akina mama hukaa kando ya barabara wakiyagonga kwa nyundo tangu asubuhi.

Sikio linasikia "changa" ndani ya "changarawe" na mtu anaona ni mamoja. Sarufi haikubali. Tunasema changarawe moja, changarawe mbili, kokoto tatu. Mchanga hauhesabiki hivyo; ukitaka kipande kimoja huna budi kukopa neno jingine, useme chembe ya mchanga. Kiswahili kimeshakupa kipimo: ukiweza kuvihesabu kimoja kimoja bila kuazima "chembe", hicho si mchanga. Wanajiolojia nao wana mpaka wao. Mmarekani Chester Wentworth aliuandika mwaka 1922: chembe za mchanga huishia milimita 2, na kuanzia hapo ni changarawe na mawe. Milimita 2 kwetu sisi ni makadirio mazuri tu ya kile ambacho ungo ulishatufundisha.

Samaki hana habari na Wentworth, ila mdomo wake unajua. Mtazame korido akila. Anachomeka pua chini mpaka karibu na macho, anavuta mchanga mdomoni, anauchekecha huko ndani akitafuta minyoo na mabaki, kisha mchanga safi unatokea pembeni, kwenye matamvua, kama moshi. Ukikaa kimya mbele ya kioo unaona vijifoleni vya chembe vikidondoka kila upande wa kichwa. Hiyo ndiyo namna yake ya kula. Kwenye changarawe hawezi. Kijiwe hakipiti kwenye matamvua. Anabaki kupapasa juu juu, chakula kinadumbukia kwenye nafasi za mawe, kinaoza, na yeye anakifuata kwa sharubu kwenye uozo.

Wengi wanasema sharubu hukatwa na ncha za mawe. Ncha zina sehemu yake, sikatai. Lakini nimeona sharubu zikiisha kwenye changarawe laini za mtoni zilizoviringika kama mayai, kwa sababu chini yake kulikuwa na chakula cha miezi. Kwa hiyo jibu la "basi nitanunua mawe yasiyo na ncha" halijafika. Jina la kisayansi la korido, Corydoras, alilolitoa Mfaransa Lacepède mwaka 1803 linatokana na Kigiriki, kofia ya chuma na ngozi, na kweli ubavuni amevaa mabamba kama deraya. Sharubu hazikupewa deraya. (Mwaka 2024 wataalamu walilipasua kundi lile na spishi nyingi zikahamishiwa majina mengine. Dukani bado wote ni korido, na mimi sina nguvu za vita viwili.)

Mfano wa karibu nasi zaidi ni wa Tanganyika. Kuna kisamaki kinaitwa Neolamprologus multifasciatus, dume lake halizidi sana sentimita 4. Kinaishi na kuzaa ndani ya maganda matupu ya konokono wa ziwa hilo, Neothauma. Maganda hayo hakiyakuti yakiwa tayari kwa makazi. Kinachimba: kinajaza mdomo mchanga, kinaogelea nao urefu wa kiganja, kinautema, kinarudi. Kutwa. Mpaka maganda yanazama na kubaki midomo tu juu, kila familia na kiwanja chake. Mwekee kokoto uone. Anazunguka, anajaribu kuinua kijiwe, anakiacha. Hafi, ila umemnyima kazi yake yote.

Hapa linaingia swali la watu wa pwani: nichote mchanga wa baharini? Inategemea samaki. Fukwe zetu zina matumbawe na makombe yaliyosagika, yaani chokaa, na chokaa inayeyuka kwenye maji. Samaki wa Tanganyika wanapenda hivyo, kwa kuwa maji ya ziwa lao ni magumu, yaani yenye madini mengi, na pH yake (kipimo cha asidi) iko karibu na 9. Korido wengi wametoka kwenye maji laini, hawakuja kwa ajili ya chokaa. Mwagia siki kidogo kwenye kijiko cha mchanga mkavu. Ukitoa povu, una chokaa. Na wa baharini uoshe chumvi yote kwanza.

Jambo jingine dogo linaloudhi: "samaki wa chini ni wasafishaji." Kambare karibu wote wana sharubu, mkubwa kwa mdogo, lakini hakuna hata mmoja aliyeajiriwa kufagia. Wanakula chakula kinachozama, na usipowapa watakonda. Kinyesi chao utakitoa wewe kwa mpira wa kunyonyea maji, ukiupitisha juu tu ya mchanga, maana ukiuzamisha unanyonya mchanga wenyewe.

Kwa aliyenitumia picha, ndugu yangu, hukukosea kununua. Umeuziwa kwa jina lisilo lake. Usizoe changarawe zote kwa siku moja, kwa sababu bakteria wanaosafisha maji wamejishika humo. Toa nusu wiki hii, nusu nyingine baada ya wiki mbili au tatu, chujio likiendelea kufanya kazi. Tangi la sentimita 60 kwa 30, ukitaka mchanga wa kina cha sentimita 4, ni lita 7 na kidogo, tuseme kilo 11. Usizidishe sana kina. Mchanga wa kina kirefu usiochimbuliwa hushikana, na siku ukiuvuruga unanuka mayai viza. Uoshe kwenye ndoo mpaka maji yatoke meupe. Wangu niliuosha mara 14, na bado siku ya kwanza tangi lilikuwa kama uji.

Na ukienda kununua, pita duka la samaki uende kwa wauza vifaa vya ujenzi. Usiseme "mchanga" peke yake, watakuuliza wa nini. Sema wa mtoni, wa kupigia lipu, uliochekechwa.