Je, wajua? Gemu ya zamani ya kwenye TV inataka umeme uleule wa chaji ya simu

Ukipita soko la Mwanjelwa hapa Mbeya, kwenye meza za vifaa chakavu, hukosi kuziona: mashine za gemu za kaseti, plastiki imegeuka manjano, adapta imekatwa waya, pedi moja haipo. Wengi huzipita. Mimi husimama na kuuliza bei, kwa sababu najua ukizifungua utakuta nini. Karibu hakuna kitu, na ndiyo maana unaweza kuigeuza iwe gemu ya mkononi inayotumia betri.

Kasha lina ukubwa wa sahani ya ugali, lakini bodi iliyomo mara nyingi haizidi kiganja, na kazi yote inafanyika chini ya tone moja jeusi la gundi ngumu. Nintendo ilipotoa Famicom huko Japani mwaka 1983, chipu ya hesabu na chipu ya kuchora picha zilikuwa mbili tofauti. Waliokuja kuiiga wakazibana zote mbili ndani ya chipu moja, na hizo ndizo mashine zilizotufikia sisi. Kwa hiyo anayeuliza mashine ya kukaa chini ya TV itaeneaje mkononi, nafasi isimtishe, ipo tele. Kinachohitaji akili ni umeme.

Angalia pale adapta inapochomekwa. Umeme wa volti 9 hivi unaingia, kisha unapita kwenye kidude cha miguu mitatu kilichobanwa kwenye bati la alumini. Kimeandikwa 7805. Chipu inataka volti 5 tu, na kidude hicho ndicho kinachozishusha, ila hushusha kwa kuunguza: volti 4 zilizozidi hugeuka joto. Katika kila wati 9 zinazoingia, wati 4 zinaishia kupasha bati. Mashine ikiwa imechomekwa ukutani, hasara hiyo huioni. Ukiiwekea betri, umepoteza karibu nusu ya muda wa kucheza kabla hujabonyeza kitufe. Tena 7805 huhitaji kama volti 2 za ziada ili ifanye kazi sawasawa, kwa hiyo betri ikishuka chini ya volti 7 picha huanza kuyumba ilhali chaji bado ipo.

Sasa fikiria ni wapi nyumbani kwako mna volti 5 zilizo tayari. Kwenye chaji ya simu. Kwenye pawabenki. Chipu ya gemu ya miaka ya themanini na simu iliyo mfukoni mwako zinapokea volti zilezile, na nilipolielewa hilo sikuweza tena kuiona mashine chakavu kama takataka. Unaing'oa 7805, unaleta waya wa volti 5 kutoka pawabenki mpaka tundu ulipokuwa mguu wa kutokea, na waya hasi kwenye tundu la katikati. Ukikitazama kidude maandishi yakikuelekea na miguu ikiwa chini, mguu wa kushoto ni wa kuingilia, wa katikati ni hasi, wa kulia ni wa kutokea. Hakikisha kwa mita ya kupimia volti kabla ya kuking'oa, maana ukivigeuza hasi na chanya, lile tone jeusi halina fundi.

Faida nyingine ya pawabenki ni kwamba mzunguko wa kuchaji na wa kulinda betri tayari umo ndani. Anayeanza asikimbilie kuchomoa seli za betri ya laptopu mbovu na kuzilehemu yeye mwenyewe. Seli za lithiamu zikipata joto la pasi ya risasi zinaharibika, na zikigusana vibaya zinawaka moto. Hili nalisema kwa uzito wote.

Kinachokula chaji zaidi ya gemu yenyewe ni kioo. Mwaka 1995 Sega walitoa Nomad, mashine ya mkononi iliyocheza kaseti za Mega Drive, gemu yao ya kwenye TV, kwa betri ndogo 6 za kawaida. Ilikuwa na kioo cha rangi chenye taa nyuma yake, na betri hizo zilikwisha baada ya saa chache tu. Game Boy, gemu ya mkononi ya Nintendo ya mwaka 1989, haikuwa na taa wala rangi, na kwa betri 4 tu ilivuka saa 10. Kwa hiyo chagua kioo kidogo. Kinachopatikana kirahisi ni kile cha inchi 4.3 cha kamera ya nyuma ya gari, kwa kuwa kinapokea picha kwa waya uleule wa manjano unaotoka kwenye gemu. Vingi vimeandikwa volti 12, hivyo utahitaji bodi ndogo ya kupandisha volti. Bodi hizo zina skrubu ya kurekebisha, na hazifiki zikiwa zimeshapangwa. Kioo changu cha kwanza kilikufa hapo: niliunganisha kwanza, nikapima baadaye. Pima kwanza, zungusha skrubu mpaka mita isome 12, ndipo uguse waya wa kioo.

Sauti haina shida, spika ndogo na kikuza sauti cha volti 5 vinatosha.

Itadumu saa ngapi? Pawabenki iliyoandikwa 10,000 mAh ina wati-saa 37, kwa sababu namba ile huhesabiwa kwa volti 3.7 za seli iliyo ndani, si kwa volti 5 zinazotoka. Tuseme gemu na kioo kwa pamoja vinavuta wati 3. Ukitoa kinachopotea njiani, unapata kama saa 10. Umeme ukikatika Uyole jioni nzima, unacheza mpaka ulale.

Utaona mitandaoni watu wanaokata bodi ya Wii, gemu ya Nintendo ya mwaka 2006, kwa msumeno na kuipunguza hadi ikae kiganjani. Ni kazi ya heshima kubwa, lakini usianzie huko. Hata Nintendo 64 itakusumbua, maana adapta yake inatoa umeme wa aina mbili, volti 3.3 na volti 12, na vyote lazima uvitengeneze kutoka kwenye betri moja. Anza na ile ya Mwanjelwa, hasa yenye gemu zilizojengewa ndani. Hiyo haihitaji hata soketi ya kaseti yenye pini 60.

Na kwa ndugu zangu wa Makete na Njombe: lithiamu haipendi kuchajiwa ikiwa baridi imeshuka chini ya sifuri. Asubuhi za Juni na Julai, barafu ikiwa juu ya majani, usiichaji kifaa kilicholala barazani. Kiingize ndani kipate joto la chumba kwanza.