Mvinyo mwekundu hauongezi damu

Dodoma zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, na mvinyo wa Hombolo au Bihawana una wapenzi wake. Ila kuna imani ya siku nyingi: mvinyo mwekundu unaongeza damu na kulinda moyo, kwa hiyo si pombe "kama zile".

Rangi hiyo ni ya ganda la zabibu, si ya damu. Madini ya chuma yamo kidogo mno, na pombe yenyewe huvuruga utengenezaji wa chembe za damu kwenye uboho, yaani ute wa ndani ya mifupa. Chupa ya mililita 750 yenye asilimia 12 ina mililita 90 za kilevi halisi. Bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina 25. Piga hesabu mwenyewe.

Habari ya moyo ilitokana na tafiti za zamani zilizowaweka kundi moja wasiokunywa kabisa na walioacha kwa sababu tayari walikuwa wagonjwa. Lazima wanywaji waonekane wazima! Shirika la Afya Duniani linakadiria pombe ilisababisha vifo milioni 2.6 mwaka 2019, wala si vya gongo pekee: saratani, moyo na ajali zimo.

Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku viroba, yaani pombe kali ya vifuko vya plastiki, Machi 2017, hatua nzuri kwa maoni yangu, maana pombe ya bei ya chini ndiyo humfikia kijana kwanza. Kodi na saa za kuuza hufanya kazi hiyohiyo. Mwenye upungufu wa damu aende kituo cha afya akapimwe.