Je, wajua? Fimbo ya shaba ardhini pekee haizuii umeme wa jenereta kuua mtu

Umeme wa mtandao ukikatika Goma, jenereta huwashwa mtaa kwa mtaa: hotelini, kwenye zahanati, madukani. Ukiuliza kuhusu usalama, mara nyingi utaonyeshwa fimbo ya shaba iliyopigiliwa kando ya mashine. Imani iliyoenea ni kwamba umeme ukivuja, fimbo hiyo itaupeleka ardhini na utaishia humo.

Hauishii humo. Ardhi haimezi umeme. Umeme uliotoka kwenye jenereta hutafuta njia ya kurudi kwenye jenereta hiyohiyo, kama mnyororo wa baiskeli unaotoka kwenye pedeli na lazima urudi kwenye pedeli. Ukikatika popote, gurudumu halizunguki. Sasa tuseme waya wa fazi, ule unaoleta umeme, umechubuka ndani ya friji na kugusa bati lake. Ikiwa nyutro ya jenereta, yaani waya unaorudisha umeme, haijaunganishwa na ardhi popote, mnyororo haujafunga. Dijonkta, ile swichi inayojikata yenyewe, haioni kitu. Friji inaendelea kugandisha na hakuna anayejua. Kosa la pili likitokea kwenye kifaa kingine, mnyororo unafunga, na mwili wa mtu unaweza kuwa kipande chake kimojawapo.

Kwa hiyo kinachookoa maisha ni kile kiungo kifupi kati ya nyutro ya jenereta na waya wa ardhi unaofika kwenye kila bati la jengo. Fimbo ina kazi zake, hasa kukabili radi na kuzuia mabati yasipande volti kupita udongo unaoyazunguka, lakini haiwezi kushika nafasi ya waya huo.

Hesabu inaonyesha kwa nini. Umeme wa volti 230 ukilazimika kurudi kupitia udongo wenye ukinzani (ugumu wa kupitisha umeme) wa omu 25, hupita ampea 9.2 tu. Dijonkta ya ampea 32 haitikisiki. Na Goma si mji wa udongo laini. Lava ya volkano ya Nyiragongo ilifika katikati ya mji mwaka 2002, na mwamba huo mkavu hupitisha umeme kwa shida sana. Fimbo yenye omu 200 itapitisha ampea 1.15. Ndiyo maana kwenye lava ni afadhali kulaza waya mtupu wa shaba chini ya msingi wakati wa kujenga, au kuuzungushia udongo wenye unyevu, kisha kupima. Kipimo cha msimu wa mvua pekee hakitoshi.

Hapa ndipo diferansieli inapostahili sifa. Swichi hii hulinganisha umeme unaotoka na unaorudi, na ile ya miliampea 30 hukata tofauti ikifika kiasi hicho. Kwa kikomo cha usalama cha volti 50 kwenye bati, inavumilia ardhi ya hadi omu 1,666 hivi. Hata lava inaweza kufaa! Lakini bila kile kiungo cha nyutro, hakuna tofauti ya kuonekana kosa la kwanza linapotokea. Na kitufe chake cha majaribio hakitakuonya, kwa sababu huchukua umeme kati ya fazi na nyutro tu: kitakata vizuri kabisa hata pale ambapo ardhi haipo.

Jenereta ndogo ya kubeba inayolisha kifaa kimoja ni suala jingine. Hiyo inaweza kuachwa bila kiungo. Kwa jengo zima, mwulize fundi kama swichi inayohamisha jengo kutoka mtandaoni kwenda kwenye jenereta inakata nyutro pia. Ikiikata, jenereta inahitaji kiungo chake yenyewe. Isipoikata, kiungo cha pili kitafanya sehemu ya umeme wa kawaida irudi kupitia waya wa ardhi, na diferansieli itaanza kukata bila sababu inayoonekana.