Betri ya lithiamu haishtuliwi

Kila anayeniletea betri za vepu, zile sigara za kielektroniki, hapa soko la Kibuye, Kisumu, huja na agizo lilelile: "Fundi, ishtue tu, itaamka." Juzi ilikuwa chaja ya betri ya pikipiki, volti 12, waya zikaguswa kwenye seli nyembamba kuliko kidole. Ikapanda hadi 3.4, mwenyewe akashangilia. Sasa anataka niiweke kwenye taa ya kuvulia omena, iende ziwani usiku na watu mtumbwini.

Tabia ya kushtua tumeirithi kwa betri za nikeli-kadimiamu. Hizo huota vinywele vya metali ndani vikaunganisha chanya na hasi. Mkondo mkubwa wa ghafla huviunguza, betri ikakubali chaji tena. Lithiamu haina ugonjwa huo. Ina wake.

Mita ikisoma sifuri, uliza kwanza: sifuri ya wapi? Bandua ule utepe wa manjano wa kwenye ncha ya seli. Baadhi ya seli zina saketi nyembamba ya ulinzi hapo, imeshikizwa kwa vipande vya nikeli. Volti zikikaribia 2.5 saketi hukata njia, na waya za nje husoma sifuri hata kama seli yenyewe ina 2.6. Kwa hiyo gusisha ncha za mita kwenye nikeli ya seli, siyo kwenye waya. Ukikuta 2.6, hiyo imefungiwa mlango tu, na chaja ya kawaida ya lithiamu itaufungua. Hapo ndipo watu huapa kwamba wamefufua maiti. Maiti gani? Ilikuwa imelala.

Ukikuta 0.8 kwenye seli yenyewe, hayo ni mengine. Ikikaa chini hivyo, karatasi ya shaba ya upande wa hasi huanza kuyeyuka. Ukiichaji, shaba hiyo hujiganda upya mahali isipotakiwa, na inaweza kutengeneza shoti ndani kwa ndani. Volti zitapanda, ndiyo, na bado inaweza kushika moto siku nyingine ikiwa mfukoni.

Mpaka uko wapi hasa? Mimi hukata kwenye 2.0, lakini sikuapii. Iliyoshuka jana hadi 1.7 na iliyokaa kwenye 1.9 tangu mwaka jana si sawa, na mita haisemi imekaa muda gani. Nikiwa na shaka, sichaji.

Kuchaji ni TP4056, kile kibao kidogo cha kuchajia lithiamu, ila badilisha rezista inayopanga mkondo. Huja na ya kiloomu 1.2, yaani ampea 1. Kwa seli ya mAh 500 huko ni kuikaanga. Weka kiloomu 5, upate karibu mA 240. Na seli ikiwa chini ya 2.9, aisi (chipu) ya kibao hicho huanza yenyewe na sehemu moja ya kumi ya mkondo. Sasa kushtua ni kwa nini?

Ikijaa, iache mezani wiki nzima. Ikishuka yenyewe hadi 3.9, inavuja ndani. Sina mjadala nayo. Ikibaki 4.1 na kitu, ipe mzigo: rezista ya omu 4.7, wati 5. Nzima hushuka kidogo tu. Ikiporomoka chini ya 3.2, hizo zilikuwa volti za kuonyesha watu.

Na wanaosema betri iliyokufa huamka ukiiweka kwenye friji? Friji ni ya samaki, omera (ndugu yangu).

Zilizofeli nazifunga ncha kwa tepu ya stima na kuzitia kwenye debe la mchanga nje, mbali na taka zinazochomwa jioni.